Bwana Shamba na Mtoto Asiyemkataa Mtu

Kiomboi nzima inamjua Simeoni kwa cheo, si kwa jina. Ni Bwana Shamba. Kwa miaka ishirini na sita amepanda pikipiki ya serikali, na ikiharibika akapanda baiskeli yake mwenyewe, akiwaeleza wakulima wa Iramba namna ya kupanda alizeti kwa mistari, mbegu ngapi kwa shimo na hatua ngapi kati ya mche na mche. Ana maneno ya kutosha kwa kila kitu kinachoota. Ukimuuliza habari za mtama atakujibu mpaka uombe udhuru. Basi Mungu, ambaye naye ana utani wake, alipoamua kumpa mtoto akiwa na miaka hamsini na mmoja, alimpa kiumbe kisichofuata mistari.

Mtoto anaitwa Damari. Alitoka kwenye makao ya watoto mjini Singida mwezi wa pili, akiwa na mwaka mmoja na miezi minane, gauni moja mwilini na mengine mawili kwenye mfuko wa plastiki. Simeoni na mkewe Loyce, ambaye ni muuguzi, walikuwa wameishi kwenye ndoa miaka ishirini na miwili bila kupata mtoto, na mitatu ya mwisho waliimaliza wakisubiri barua kutoka ustawi wa jamii. Sasa walikuwa kwenye malezi ya kambo, maana yake mtoto yuko nyumbani kwenu lakini hajawa wenu. Mwisho wa Julai afisa ustawi, Aneth, angekuja kutazama mtoto amewazoea vipi, kisha angeandika taarifa ya kupeleka mahakamani. Kwa ajili hiyo Simeoni, hata akiongea na mkewe, alimwita Damari "mtoto", kamwe si "mwanangu", kama mtu anayeogopa kuvaa suti kabla fundi hajalipwa.

Julai ilipoingia akachukua likizo yake ya mwaka. Loyce alikuwa na zamu za mchana, hivyo Simeoni akatangaza kwamba yeye ndiye atakayeshinda na mtoto na kumtembeza. Alisema amelea wilaya nzima, hawezi kushindwa na mtoto mmoja. Loyce hakubishana naye. Alimwandikia karatasi: uji saa nne, kulala saa saba, sweta jioni, asile udongo. Simeoni akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati, na kesho yake akalifua shati.

Matembezi ya kwanza yalikuwa ya kwenda sokoni. Kiangazi cha huku kina upepo unaoingia mpaka kwenye kikombe cha chai, na Simeoni hakutaka mtoto apigwe na vumbi wala adondoke kwenye baiskeli. Akafikiri kitaalamu. Wachuuzi wa kuku husafirisha kuku thelathini kwenye tenga moja nyuma ya baiskeli, kutoka vijijini mpaka stendi, na hafi hata mmoja. Sasa tenga linalofikisha kuku thelathini litashindwaje na mtoto mmoja? Akaazima tenga kwa jirani, akaliosha kwa sabuni, akaweka mto ndani, akalifunga kwenye keria kwa mipira, akamtumbukiza Damari na sweta lake. Mtoto akakaa kimya akichungulia kati ya fito, ameridhika kabisa.

Kabla hawajafika sokoni watu watatu walikuwa wamemsimamisha kumuuliza bei. Wawili wa kwanza waliona kosa lao wakacheka wakaenda zao. Wa tatu alikuwa bibi mmoja ambaye macho yake yalishaanza kuchoka. Aliingiza kidole kati ya fito apime unono, na kutoka ndani ya tenga ikasikika sauti nyembamba ikimwambia shikamoo. Bibi aliitikia marahaba kabla hajaanza kukimbia.

Habari hiyo ilifika hospitali kabla Simeoni hajafika nyumbani. Jioni Loyce alimuuliza tu kama alikumbuka kumpa pumba.

Kesho yake akaacha tenga, akaamua kumbeba mgongoni kwa kitenge. Aliwahi kuona wanawake wakifanya hivyo maelfu ya mara, kwa sekunde tano, huku wakiongea na simu. Yeye alitumia robo saa na kuta mbili za nyumba. Walipofika barabarani mtoto alikuwa ameteremka mpaka kiunoni, na walipokaribia stendi alikuwa amefika nyuma ya magoti, na Simeoni alikuwa akitembea kama mtu aliyefungwa minyororo. Sikudhani, mama anayeuza karanga za kukaanga pale stendi, alimvuta pembeni, akamwinamisha kwa kumshika shingo, akamtupia mtoto mgongoni na kukaza fundo. Kisha akamwambia, mbele za watu, kwamba hongera, amejifungua salama.

Simeoni alicheka na wenzake. Ni mtu wa kuchekwa bila kuumia, na siku zile alichekwa sana. Kilichomuuma ni kingine, na kilimchukua wiki nzima kukitambua.

Damari alipenda mabasi, basi kila alasiri walikwenda stendi kuyatazama yakiondoka kwenda Singida. Siku moja abiria mmoja, mama mnene mwenye uso mzuri, alinyoosha mikono dirishani akisema mtoto huyu nitaondoka naye. Simeoni akampitisha dirishani kwa mzaha. Damari akakaa kwenye paja la yule mama, akajinyoosha gauni, na injini ilipowaka akampungia Simeoni mkono. Hakushtuka wala hakumtafuta kwa macho. Simeoni alilazimika kupanda basi kumchukua, na mtoto akamjia vizuri tu, vilevile alivyomwendea mama yule, na kondakta, na mlinzi wa benki, na mchungaji, na kijana wa bodaboda ambaye hata hakuwa amemwita.

Watu walimsifu. Walisema mtoto huyu ana upendo, hamkatai mtu. Simeoni akazipokea sifa hizo kama matokeo ya malezi yake, akatembea nazo kifua mbele, mpaka usiku Loyce alipomweleza wakiwa mezani. Kule makao walezi hubadilishana kwa zamu, na wageni huja na zawadi na kuondoka. Mtoto hujifunza kwamba kila mkono ni wa muda. Ndiyo maana anamsalimia kila mtu. Ndiyo maana Simeoni mwenyewe akirudi kutoka chooni anapokelewa kwa shikamoo.

Hapo akakumbuka Jumapili iliyopita. Damari alianguka kwenye ngazi za kanisa, mdomo ukachanika. Simeoni alikuwa hatua kumi kutoka pale. Mtoto aliinuka mwenyewe, akafuta damu kwa pindo la gauni, akaendelea kuokota kokoto. Hakulia. Hakutazama huku wala huku kuona kama kuna anayekuja. Wazee wa kanisa walisema ni jasiri, na yeye akaongeza kwamba ni kwa sababu ya mboga za majani. Sasa, akiwa na tonge la ugali mkononi, alijiona mpumbavu wa kiwango cha wilaya.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu. Alitaka Damari amkatae mtu. Wazazi wengine huomba watoto wenye adabu. Bwana Shamba, mzee wa kanisa, alipiga magoti akamwomba Mwenyezi Mungu ampe mtoto kiburi kidogo. Na hofu yake ilikuwa na tarehe. Aneth angekuja, Damari angemsalimia, angepanda pajani mwake, na afisa akisema twende Singida angempungia Simeoni mkono kama kwenye basi. Taarifa ingeandikwa nini? Kwamba kwa miezi mitano mwanaume huyu amefikia pale alipofikia kondakta kwa dakika mbili.

Akaanza kujitahidi, na kujitahidi kwake kulikuwa kwa kiofisi. Akafungua daftari. Akaandika ni saa ngapi mtoto amemtazama, mara ngapi amemshika mkono bila kuombwa. Kila mtu Kiomboi humwita Bwana Shamba, kwa hiyo na Damari alimwita hivyohivyo, na Simeoni akashinda siku mbili akimfundisha neno "baba" kwa biskuti. Mtoto alijifunza kusema "biskuti". Kinyozi hajinyoi, na mtaalamu wa ugani hawezi kujishauri mwenyewe.

Ndipo akapata wazo, na lilikuwa wazo ambalo lisingeweza kumjia mtu mwingine. Katika kazi yake, mkulima akikataa kuamini maneno, humbembelezi. Unalima kipande kidogo kando ya barabara, unapanda kitaalamu, kisha unamwita aje ajionee kwa macho. Hilo ndilo shamba darasa. Simeoni akaona afisa ustawi naye ni mtu wa kuoneshwa. Na aliyehitajika kwa zoezi hilo alikuwepo: Alute, mtoto wa shangazi yake aliyeolewa Unyaturuni, upande wa Ikungi, na kwa sababu hiyo mtani wake mara mbili, kwa damu na kwa kabila, yeye Mnyaturu na Simeoni Mnyiramba. Mtani anaruhusiwa mambo. Anaweza kuchukua jogoo wako mbele ya macho yako, au jembe, au kofia iliyo kichwani, akasema ni mali ya kwao, na wewe kazi yako ni kucheka. Ukikasirika, umeshindwa, na unatozwa.

Mpango ulikuwa mwepesi. Siku ya Aneth ingekuwa siku ya kupiga alizeti shambani. Simeoni akivua kofia, Alute angemnyakua mtoto kiutani na kwenda naye mpaka kwenye kichuguu, hatua arobaini. Mtoto angeogopa, angelia. Simeoni angetembea taratibu, angempokea, na mtoto angenyamaza. Aneth angeona kwa macho yake. Alute alipoelezwa alikubali haraka mno, na mtu yeyote mwenye akili angesita hapo.

Siku ikafika. Vichwa vya alizeti vilivyokauka vilikuwa vimerundikwa juu ya turubai, na wanaume wawili hawa walikuwa wakivipiga kwa fimbo tangu asubuhi, makapi yakiwaingia shingoni. Damari alikuwa pembeni akijaza mbegu kwenye kiatu. Mnamo saa sita na nusu Aneth akatokea kwa miguu pamoja na Loyce, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini. Aneth alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, mwenye begi la bega na viatu vya kutembelea. Akamwamkia Simeoni shikamoo kwa heshima zote, na kabla hajaitikiwa na yeye akaamkiwa na Damari, ambaye alimwendea moja kwa moja na, mgeni alipochuchumaa, akakaa pajani mwake.

Aneth akamuuliza mtoto, kwa sauti ya kawaida, yule pale ni nani.

"Bwana Shamba," akasema Damari.

Loyce akatazama chini. Simeoni akavua kofia.

Alute akatupa fimbo, akaja akijifuta jasho, akamwambia shemeji yake Loyce kwamba asamehewe, lakini huyu mtoto ni wa kwao. Aitazame pua hiyo. Pua hiyo ni ya Ikungi. Wanyiramba waliiba, na leo mwenye mali amekuja. Akamwinua Damari, akamweka mabegani, akaondoka. Loyce alicheka. Aneth akatabasamu, akaweka kalamu mdomoni. Simeoni alisimama na kofia mkononi akisubiri kilio.

Walifika kwenye kichuguu. Damari akageuka, akiwa juu kabisa kuliko mtu yeyote shambani, akampungia mkono.

"Baibai, Bwana Shamba."

Mpango uliishia hapo, lakini utani hauna mpaka wa kichuguu. Alute alimtazama binamu yake, akaona uso umemshuka, akajua ameshika pazuri. Baiskeli ya Simeoni ilikuwa imeegemezwa karibu. Akamkalisha mtoto mbele kwenye bomba, akapanda, akaanza kunyonga pedeli kuelekea barabarani, akiimba kwamba wanarudi Ikungi.

Simeoni alicheka, kama inavyompasa mtu wa utani. Cheko la kwanza lilitoka vizuri. La pili lilikuwa jembamba. Baiskeli ikafika kwenye uzio wa minyaa, ikakata kona, na vumbi likabaki peke yake pale walipokuwa. Alijua wazi kwamba mtoto yuko na Alute, aliyemjua tangu wakiwa wachunga mbuzi. Alijua Alute hawezi kufika hata Misigiri kwa baiskeli ile, achilia mbali Ikungi. Yote hayo kichwa chake kilijua. Miguu haikuuliza kichwa.

Alipita katikati ya turubai akitawanya mbegu za asubuhi nzima. Kandambili moja ilikatika akaiacha. Aliita jina la Alute, kisha akamwita majina mengine ambayo mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua, na Kiswahili kilipomwishia akahamia Kinyiramba. Alute alisikia makelele nyuma, akadhani binamu yake amenogewa na mchezo, akanyonga kwa bidii zaidi. Pengine wangefika mbali kama mnyororo usingetoka. Simeoni aliwakuta wamesimama kando ya barabara, Alute amejikunja kwa kicheko, Damari bado ameshika usukani.

Akamchomoa mtoto kwenye baiskeli kama mtu anayeokoa kitu kwenye moto.

"Usirudie," akamwambia Alute. Sauti haikuwa yake. "Usirudie kumchukua mwanangu."

Alute akaacha kucheka. Mwanaume wa miaka hamsini na mmoja, nywele zimejaa makapi, mguu mmoja pekupeku, alikuwa akitokwa na machozi kwenye barabara ya watu wote, na mtani wake hakujua afanye nini kwa mikono yake.

Damari alitazama baiskeli. Akamtazama Simeoni. Alikuwa na safari nzuri, safari nzuri kuliko zote za kiangazi kile, na mtu huyu ameiharibu. Akafungua mdomo, na kikatoka kilio ambacho nyumba ya Simeoni haikuwahi kukisikia, kirefu, cha hasira, cha mtu aliyedhulumiwa na anajua aliyemdhulumu. Alimpiga Simeoni kifuani kwa ngumi zote mbili. Akamvuta sikio. Simeoni akageuka na kurudi shambani, akichechemea juu ya changarawe, akipigwa njia nzima.

Walipofika kwenye turubai, Alute, aliyekuwa akisukuma baiskeli nyuma yao, akajaribu kurekebisha mambo. Alinyoosha mikono kwa upole.

"Njoo, mama. Njoo turudi kwenye baiskeli."

Damari aliitazama ile mikono. Aliitazama na baiskeli, na ilionekana wazi kwamba anaitaka. Kisha akashika kola ya shati la Simeoni, akageuza uso, akauzika shingoni mwake, akaendelea kulia humohumo, juu ya mtu yuleyule aliyekuwa amemkasirikia. Loyce akaja kumpokea; Damari akakaza mikono. Aneth akatoa pipi kwenye begi, mtoto hakuinua kichwa.

Simeoni, na hapa tumtendee haki, alijikumbusha kwamba ilikuwa imefika saa saba, wakati wa mtoto kulala, na mtoto mwenye usingizi hulalia shingo yoyote iliyo karibu. Alijiambia hivyo mara mbili, na mara zote mbili hakuyaamini maneno yake.

Akamgeukia Aneth kuomba radhi. Alikiri yote: kofia, kichuguu, mpango mzima. Alisema kama ni kosa la kisheria lisimwangukie mke wake, kwa kuwa hakujua. Loyce alimtazama mumewe kama anavyowatazama wagonjwa wanaokunywa dawa za jirani.

"Mchezo niliuona tangu ulipovua kofia, mzee," Aneth akasema. "Kila nyumba ninayokwenda hunitayarishia mchezo." Akafunga daftari lake. "Mtoto sikuwa na wasiwasi naye. Watoto wa aina hii huja polepole, nimewaona wengi. Nilikuwa na wasiwasi na wewe. Kila nikipiga simu unanisomea namba: ametazama mara ngapi, ameshika mkono mara ngapi. Nikajiuliza huyu baba anamlea mtoto au anamfanyia majaribio."

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Simeoni alisimama mbele ya mgeni shambani bila neno la kueleza.

Alute akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba si wakati wake, lakini mtani aliyekasirika anatozwa, na jogoo mwekundu wa pale nyumbani angetosha. Simeoni akamwambia achukue. Akamwambia achukue na tetea.

"Mlete nikamlaze," Loyce akasema, mikono tayari. "Ameshachoka kulia."

Lakini Simeoni alirudi nyuma hatua moja, mguu mtupu kwenye mbegu zilizomwagika. Aliuweka mkono wake mgongoni mwa mtoto, na hakumbembeleza, wala hakumwambia nyamaza.

"Mwache," akasema. "Mwache anililie kwanza."